Vitabu vya kweli navyo vinastahili tuzo

(Haya niliongea Jumamosi na wasomaji wenzangu hapa Tanga, watu wakaomba niyaandike, nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu habari za mchana, na nyie wanangu wa fomu faivu na siksi mliojibanza kule nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeambiwa niongelee tuzo za taifa za vitabu na kiukweli nimefurahi, kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mwaka wa 22 huu nashika chaki, na miaka yote hiyo mtoto akiniuliza mwalimu hivi mtu akiandika kitabu anapata nini, nilikuwa sina jibu la kueleweka. Sasa hivi jibu lipo. Tangu tarehe 13 Aprili 2023 tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, mshindi wa kwanza anaondoka na milioni 10, wa pili 7, wa tatu 5, na juu ya hizo hela mswada ulioshinda serikali inauchapa unaenda mashuleni. Mimi hilo la kuchapa ndo naliona kubwa kuliko hela. Milioni 10 unaezeka nyumba, unalipa ada za watoto, imeisha, lakini kitabu kikishaingia kwenye kabati la shule ya kata kule Handeni au Kibondo kuna mtoto atakikuta, tena pengine ndo kitabu cha kwanza kukishika ambacho hakina maswali ya mtihani mwishoni.

Tuzo ilianza na riwaya na ushairi, baadae zikaja hadithi za watoto, ikaja na tamthilia. Kila nikisikia imeongezwa nyanja mpya nakimbilia kuangalia kama safari hii ni ile ninayoisubiri mimi. Bado. Ninayoisubiri ni nyanja ya vitabu vya kweli, yaani vya mambo yaliyotokea, sio ya kubuni, na leo nataka niwaambie kwa nini naisubiri hivyo.

Mnaona hiki nilichoshika. Ni kaunta buku, zile za kurasa nyingi zenye jalada gumu, kona zimeliwa na mende, hapa katikati kuna doa la mafuta ya taa. Ni ya babu yangu mzaa mama. Babu alitoka Kasulu akiwa kijana, akaletwa huku Tanga kukata mkonge, manamba, wale waliokuwa wanaandikishwa kwa mkataba na kupandishwa treni. Wengi hapa babu zenu ni hivyo hivyo, Muha, Mnyamwezi, Mbena, Mrundi, ndo maana ukienda Muheza au Korogwe unakuta majina ya nchi nzima kwenye mtaa mmoja. Babu alijifunza kusoma ukubwani, kwenye yale madarasa ya kisomo cha watu wazima, na alivyojua tu kuandika akanunua hii kaunta buku akaanza kuandika. Hakuna aliyemtuma.

Kaandika nini? Kaandika kazi. Kaandika jinsi ya kukata jani la mkonge bila ule mwiba wa nchani kukuingia jichoni, kwamba unaanza kuukata mwiba kwanza ndo unashuka kwenye shina, kaandika vile vitita vya majani thelathini thelathini na nyapara anavyohesabu kwa kupitisha fimbo juu, akikuta yako ni ishirini na nane kitita chote hakihesabiwi. Kaandika kipande, ile kadi, siku inatiwa alama ukimaliza kazi uliyopangiwa, usipomaliza siku imepotea hata kama umeshinda juani. Kaandika harufu ya korona, kile kiwanda cha kuchakata, maji yake ya kijani yanayowasha miguu, na singa, zile nyuzi za mkonge, zikianikwa kwenye kamba anasema shamba zima linakuwa kama limevaa kanzu. Kuna kurasa mbili nzima za viatu. Viatu tu! Kwamba walikuwa wanakata matairi ya lori wanatengeneza makatambuga, na fundi alikuwa nani, na alikuwa anapokea nini badala ya hela, kwa sababu hela ilikuwa haifiki mwisho wa mwezi.

Nikaichapa kwenye kompyuta, likizo tatu nimekaa nayo, nikarekebisha nukta na herufi kubwa, maneno ya babu sikuyagusa. Nikaipeleka kwa mchapishaji mmoja, simtaji, alinipokea vizuri na akaisoma kweli maana alinirudishia na maoni pembeni kwa penseli. Akaniambia mwalimu, hii ni nzuri sana, ila sio riwaya, na sio kitabu cha kiada, sina pa kuiweka. Akanishauri kwa nia njema kabisa, igeuze iwe riwaya. Mpe mzee jina lingine, weka mapenzi kidogo, weka ugomvi na nyapara, alafu utaweza kuiingiza kwenye mashindano.

Nikajaribu, ndugu zangu. Nikaandika sura mbili. Babu nikamwita jina lingine, nikamtengenezea msichana wa Kibondei anayechota maji mtoni, nikampa kisu cha kulipiza kisasi. Mama yangu, ambaye ndo mtoto wa yule mzee, nikamsomea jikoni anachambua mchele. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akaniambia, huyu sio baba. Akanyamaza. Alafu akasema, mbona unamtia uongo marehemu?

Nilizifuta zile sura usiku huo huo.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi riwaya nazipenda, nafundisha riwaya, na kama kuna mtu hapa anaandika riwaya namuombea kwa Mungu aimalize. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake mwaka 1945, kaiandika kwa Kikerewe, hakupata wa kumchapia, akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa 1980. Miaka 35! Na mwaka uliofuata, 1981, akafariki. Ukiifungua ile kazi ndani kuna kilimo, kuna ndoa, kuna dawa, kuna namna ya kuvua, yaani Ukerewe yote ya zamani imo. Huwa najiuliza ingekuwepo tuzo ya taifa mwaka 1946 mzee yule angeishi vipi. Kwa hiyo hadithi ya kubuni ina kazi yake na inabeba mengi. Ila kuna vitu ambavyo nguvu yake yote iko kwenye kwamba vilitokea kweli, kwa mtu huyu, mahali hapa, ukivibadilisha jina vinakufa. Viatu vya matairi kwenye riwaya ni mapambo, lakini kwenye kaunta buku ya babu ni ushahidi.

Na tatizo letu linaanzia kwenye jina. Vitabu vya aina hii tunaviitaje? Riwaya inajulikana, tamthilia inajulikana, ushairi ndo usiseme. Lakini wasifu, tawasifu, historia, safari, insha, vitabu vya kueleza kazi au ugonjwa au vita, hivi vyote kwa pamoja tunaviita nini? Wengine wanasema vitabu visivyo vya kubuni, yaani unavitaja kwa kile ambacho sio. Ni kama umwite mtu "asiyekuwa Juma". Wengine wanasema nonfikshen tu basi. Mimi nimeamua nasema vitabu vya kweli, na najua kuna atakayeniambia riwaya nayo ina ukweli wake, sawa, lakini mtu wa sokoni ukimwambia kitabu cha kweli anaelewa papo hapo.

Na mtu wa sokoni anavisoma, hilo ndo nataka mlisikie. Nendeni Dar pale Posta au kwenye vituo vya mabasi, angalieni machinga wa vitabu kabeba nini mkononi. Kabeba vitabu vya kutafuta hela, vya ndoa, vya kumlea mtoto, vya afya, vya maombi. Riwaya ni chache. Msomaji wetu wa kawaida, yule anayetoa hela yake mfukoni bila kuambiwa na mwalimu, anataka aambiwe kitu cha kweli kuhusu maisha. Ubora wa vingi ni mdogo, ndio, vingine vimetafsiriwa hovyo mpaka unaumwa kichwa, lakini ubora unapandaje kama hakuna anayevisoma kwa jicho kali na kusema hiki ndo kizuri mwaka huu na hiki hapana? Riwaya zetu zimepandishwa na nini kama sio wahakiki, mitaala, na mashindano?

Alafu kuna hili la kwamba utamaduni huu kwetu ni mgeni, nimeliambiwa mara nyingi, eti Mswahili ni mtu wa shairi na ngano. Jamani. Kiswahili kina vitabu vya kweli vya zaidi ya miaka 120. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu aliyeishi Bagamoyo akaenda Berlin kufundisha Kiswahili, kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka kwa mkono wake kimechapwa Ujerumani 1903, kinaeleza mtoto anavyozaliwa, anavyotiwa jandoni, harusi, deni, ngoma, mazishi. Kabla yake kidogo, 1901, zilitoka safari za Waswahili, na humo yumo Salim bin Abakari, Mngazija, aliyesafiri Urusi akafika mpaka Siberia akarudi akaandika kwa Kiswahili alichokiona. Siberia! Kwa Kiswahili! Na wakati huo huo Tippu Tip akasimulia maisha yake mwenyewe. Na huyu nawaambia wanafunzi wangu msomeni mkiwa macho wazi, ni mtu aliyefanya biashara ya pembe na ya watu, na anasimulia bila kutetemeka, lakini ndo hivyo, tuna maneno yake mwenyewe, hatuhitaji mtu wa nje atusimulie alifikiri nini, tunaweza kumhukumu kwa kauli yake.

Akaja James Mbotela kule Mombasa na historia ya watumwa walioachwa huru, 1934, anaandika habari za watu wa kwao kabisa. Martin Kayamba 1932 anaeleza walichokiona Uingereza. Mathias Mnyampala anawaandika Wagogo 1954. Na Shaaban Robert, huyu ni wetu wa Tanga, Machui hapo sio mbali, watu wanamtaja kwa mashairi na zile nchi zake za kufikirika, lakini kaandika maisha yake mwenyewe, na kaandika wasifu wa Siti binti Saad. Hebu fikirieni hilo la Siti. Mwanamke wa Fumba aliyekuwa anauza vyungu, akawa muimbaji, sahani zake za santuri zikarekodiwa Bombay, na kabla hajafariki mwaka 1950 Shaaban Robert akamfuata kumsikiliza. Angechelewa mwaka mmoja tu leo tungekuwa na tetesi. Mimi nikiulizwa kazi kubwa ya Shaaban Robert ni ipi naweka hiyo juu, na najua walimu wenzangu wa fasihi hapa mtanikatalia, tutabishana kwenye chai.

Kwa hiyo sio kigeni. Tulianza vizuri, alafu katikati kwenye shule zetu fasihi ikawa maana yake riwaya, tamthilia, ushairi, basi, kwa sababu mitihani ndo inauliza hivyo, na tuzo zikafuata mitihani. Hata majirani zetu Kenya, ile tuzo ya Jomo Kenyatta ya wachapishaji wao, ya tangu miaka ya sabini, ina upande wa Kiswahili, jambo zuri mno, lakini uzito wake mkubwa umekaa kwenye kubuni. Na ile ya Safal-Cornell iliyoanzishwa 2014, ambayo kwa miaka kadhaa ndo ilikuwa tumaini la mwandishi wa Kiswahili, jina lake kubwa limejengwa na riwaya na diwani.

Na sasa nije kwenye kitu kinachonikosesha usingizi. Hii tuzo yetu imebeba jina la Mwalimu. Na kilele chake kinafanyika 13 Aprili, siku aliyozaliwa. Mwalimu alikuwa mwandishi wa namna gani? Alitunga mashairi, ndio. Alitafsiri Shakespeare, ndio, na kazi nzuri sana. Lakini kalamu yake ya kila siku ilikuwa insha! "Tujisahihishe", 1962, kijitabu kidogo, kasema makosa ya wenzake na ya chama chake waziwazi, hakuna mhusika wa kubuni hata mmoja. Na miaka ya tisini ameshastaafu anaandika kitabu kizima cha kukosoa uongozi, na kile kitabu kikachapwa Harare. Huyo ndo Mwalimu akiwa na kalamu. Angekuwa hai leo na mswada wa aina ile, kwenye tuzo yenye jina lake asingekuwa na mlango wa kupitia. Nasema hivi kwa heshima yote kwa wanaoisimamia, kazi wanayofanya ni kubwa na naiona kwa macho kwenye maktaba ya shule, lakini neno "bunifu" limemfungia nje mwenye jina.

Na wasifu wake mkubwa, ule wa vitabu vitatu walioufanyia kazi miaka mingi Profesa Shivji, Profesa Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, ulitoka 2020, kwa Kiingereza kwanza. Mzee Mkapa naye maisha yake 2019 kwa Kiingereza. Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, ndo alituandikia kwa Kiswahili, 2021, na mnajua kilichotokea, mama yangu ambaye hajasoma kitabu kizima tangu tumalize mazishi ya baba alikiazima akakaa nacho wiki tatu akakataa kukirudisha. Anakisoma kwa sauti. Anasimama anasema, hapa kweli, hapa nakumbuka, mchele haukuwepo. Ile ndo raha ya kitabu cha kweli kwa lugha yako, kwamba msomaji anaweza akasimama katikati akasema na mimi nilikuwepo.

Tuangalie na wenzetu wanafanyaje, sio kwa kuiga. Marekani, tuzo ya Pulitzer ilipoanza 1917, mwaka ule wa kwanza walitoa ya historia na ya wasifu, riwaya haikupewa, ikaja kupewa mwaka uliofuata. Na National Book Award yao, ilivyoanza kutolewa kwa mtindo wa sasa mwaka 1950, vipengele vilikuwa vitatu tangu siku ya kwanza, riwaya, vitabu vya kweli, mashairi. Vilikaa meza moja kama ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1952 cha kweli kilichoshinda kimeandikwa na Rachel Carson, mwanamke mtumishi wa serikali, mtaalamu wa mambo ya bahari na samaki, kaandika habari za bahari. Watu wa pwani mpo hapa. Nani kaandika kwa Kiswahili kitabu cha bahari yetu, cha bamvua na maji mafu, cha kusi na kaskazi, cha dema na mshipi, ambacho mvuvi wa Kigombe akisomewa atasema ndivyo? Anayejua hayo yote yuko hapo Deep Sea saa hizi anashona nyavu. Hatujamuuliza.

Na mwaka 2021 tuzo hiyo hiyo ya vitabu vya kweli alishinda mwanahistoria Tiya Miles, na hiki nitakaa nacho kidogo kwa sababu nilipokisikia nilimkumbuka bibi. Kitabu kizima kinahusu mfuko. Mfuko wa kitambaa cha pamba. Kule South Carolina miaka ya 1850 kulikuwa na mama mtumwa anaitwa Rose, mwanae Ashley ana miaka tisa akauzwa, na kabla hajachukuliwa mama akamtilia vitu kwenye huo mfuko, gauni lililochakaa, konzi tatu za njugu zinazoitwa pekani, na msuko wa nywele zake mwenyewe yule mama. Akamwambia umejaa mapenzi yangu daima. Hawakuonana tena. Na tunajuaje? Tunajua kwa sababu mjukuu wa Ashley, mwaka 1921, alikaa na sindano na uzi akatarizi habari hiyo yote juu ya mfuko wenyewe. Mistari michache tu ya uzi. Mwanahistoria akaichukua ile mistari akatafuta kwenye madaftari ya watumwa, kwenye orodha za mali za marehemu, akatafuta nguo za watumwa zilikuwaje, nywele maana yake nini, njugu zile zilitoka wapi, akajenga kitabu. Pale asipojua anasema sijui, hajazi kwa kubuni. Na taifa zima likampa tuzo yake kubwa.

Nyumba ngapi hapa Tanga zina sanduku chini ya kitanda lenye kanga iliyoandikwa jina, leso iliyofungwa kitu, kipande cha mkonge, tikiti ya treni? Tunazo hizo nyuzi. Anayeziandika ndo hana pa kupeleka.

Na hata Nobel, wanangu, msidhani ni ya riwaya tu. Mwaka 2021 tulishangilia Abdulrazak Gurnah, mwana wa Zanzibar, na ni sawa kabisa. Lakini 2015 alipewa Svetlana Alexievich wa Belarusi ambaye kazi yake ni kukaa na watu wa kawaida, wanawake waliopigana vita, watu wa Chernobyl, anawarekodi, anawasikiliza mamia, anapanga sauti zao. Basi. Fikirieni mtu akae hivyo na waliojenga TAZARA. Reli imejengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, waliopasua yale mahandaki wakiwa vijana wa miaka 20 leo wana sabini na kitu. Fikirieni waliokwenda Kagera 1978, na wake waliobaki nyumbani hawajui kama mume yu hai. Manesi wa miaka ile ya mwanzo ya Ukimwi, wakati hata glavu za kutosha hamna. Hao wote wanaondoka mmoja mmoja, kila msiba ninaokwenda nasikia wasifu wa marehemu unasomwa dakika nne, alizaliwa, akasoma, akaoa, aliugua, nabaki najiuliza kwenye hizo dakika nne miaka arobaini ya kazi imekwenda wapi.

Nimepata nafasi ya kuongea na watu wanaojua mambo ya tuzo na wamenipa hoja za kupinga, sio za kijinga, nitazisema.

Wanasema kwanza, mswada wa riwaya unaweza ukaficha jina la mwandishi, majaji wakasoma bila kujua ni nani. Tawasifu utafichaje? Mtu anaandika mimi nilikuwa waziri, tayari umemjua. Wakubwa watajaza tuzo, mtu mwenye uwezo wa kulipa mwandishi wa kumwandikia atamshinda mkata mkonge. Hii hoja ni nzito na nimekosa usingizi nayo. Ninavyoona mimi, wagawe. Kiwepo kipengele cha maisha na simulizi, na humo aliyewahi kushika cheo cha kitaifa asiingie, kitabu chake kitapata uzinduzi na magazeti vyenyewe. Na kiwepo kingine cha historia na maarifa, ambapo mtu anaandika kuhusu kitu nje ya nafsi yake, humo jina linafichika vizuri tu.

Wanasema pili, nani atathibitisha? Mtu akiandika jirani yake alikuwa mwizi wa ushirika, familia ya jirani ikienda mahakamani? Kweli. Ndo maana jopo haliwezi kuwa la walimu wa fasihi peke yetu. Awepo mtu wa historia, awepo mwanasheria, awepo mtu wa Nyaraka za Taifa, na mswada ukifika hatua za mwisho mwandishi aambiwe hili umelitoa wapi, alete barua, alete picha, alete mzee mwingine aliyekuwepo. Babu yangu kwenye kaunta buku amefanya hivyo bila kufundishwa, kila habari kubwa kaandika pembeni nani alikuwepo, kwa jina na kabila na kambi aliyolala.

La tatu ni hela, hili sina cha kusema sana, hela hutafutwa.

Mimi ningeongeza hili. Tuzo ikubali mwandiko wa mkono. Yaani mswada ukija umeandikwa kwa kalamu upokelewe, na simulizi ikija imerekodiwa kwenye simu na mjukuu kaichapa, ipokelewe kwa majina yote mawili, msimuliaji na mwandishi. Wanaojua zaidi kwenye nchi hii wengi hawana laptopu. Ukidai mswada uliopangwa kwa kompyuta kwa kila kipimo cha herufi na nafasi, umeshachagua nani ashinde kabla hujafungua bahasha. Na mshindi apewe mhariri, tena kabla ya hela, mtu wa kukaa naye miezi mitatu, kwa sababu vitabu vya kweli vinakufa kwa kukosa mhariri, vinakuwa virefu, vinarudia, vinawataja watu hamsini kwenye ukurasa mmoja.

Barua nimeshaiandika, ya kupendekeza nyanja hii, kurasa mbili, iko pale kwa dada aliyevaa ushungi wa bluu, anayetaka kutia sahihi atie, asiyetaka tutakunywa naye chai hivyo hivyo. Nitaituma mwenyewe mwezi huu.

Na kaunta buku ya babu naiacha hapa mezani mpaka saa kumi na moja. Mnaruhusiwa kuishika na kuisoma, naomba tu mikono iwe mikavu na kurasa mzifungue kutokea juu, chini zimeshalegea uzi. Ukurasa wa viatu nimeuwekea karatasi nyekundu. Kama kuna mzee hapa alikuwa mkonge miaka ile, au baba yake alikuwepo, karibu na ule ukurasa kuna jina la fundi wa makatambuga, babu kaliandika mara tatu na kila mara herufi zinatofautiana, mpaka leo sijaweza kulisoma vizuri. Nisaidieni kulisoma.